Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 14: Mgeni mwenye kazi mikononi



Juzi baada ya tarawehe kijana mmoja alinisimamisha mlangoni, watu bado wanatafuta kandambili zao gizani. Akaniuliza: shehe, hawa wenzetu wanaovuka kutoka Kongo, tukishawapa futari si tumemaliza? Nikamwambia nitakujibu kwenye chaneli. Sasa najibu, ila jibu lenyewe linaniuma mimi kabla halijamfikia yeye, kwa hiyo mnivumilie likiwa refu kidogo. Leo ni Jumamosi, msio na shamba mna nafasi.

Tuanze na Nabii Musa, alayhis salaam. Musa wa fimbo na bahari tunamjua wote, hata watoto wa darasa la chini pale madrasa wanamsimulia. Musa wa Madyan tunampita haraka. Fungueni Suratul Qasas, kuanzia aya ya 22 mpaka ya 28, msome taratibu. Kijana amekimbia kwao. Amemuua mtu bila kukusudia, wakubwa wa Misri wanapanga kumuua, amepewa habari akaondoka hivyo hivyo alivyo. Hana mzigo, hana ndugu, hana barua ya mwenyekiti. Anafika kwenye kisima cha Madyan anakuta wachungaji wamejazana, na mabinti wawili pembeni wanazuia mifugo yao. Anauliza kulikoni. Wanamwambia baba yetu ni mzee sana, sisi tunangoja hawa wamalize. Musa anawanyweshea. Kisha anarudi kivulini, anamwomba Mola wake: mimi ni mhitaji wa kheri yoyote utakayoniteremshia.

Tazameni sasa kinachofuata. Binti mmoja anarudi, anatembea kwa haya, anasema baba anakuita. Anakuita kwa nini? Aya ya 25 iko wazi: ili akulipe ujira wa kutunyweshea. Musa hakudai kitu. Alifanya wema, akakaa kivulini kwake. Lakini yule mzee hakusema, loo, huyu mgeni ana njaa, mpelekeeni bakuli la chakula. Alisema huyu amefanya kazi, mwiteni alipwe. Ujira kwanza! Kisha ndiyo akasikiliza kisa chake. Kisha akamtoa hofu, akamwambia umeshaokoka na wale madhalimu. Ndipo binti akasema neno ambalo kwa lugha ya leo tungeliita barua ya utambulisho: baba, muajiri huyu, maana mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Na mzee akaweka mkataba: miaka minane, ukitimiza kumi ni hiari yako, na sitaki kukutesa. Muda umetajwa, masharti yametajwa, na mwenye mali ndiye anayesema sitaki kukutia taabuni. Ibn Abbas, radhi za Allah ziwe juu yake, alipoulizwa Musa alitimiza muda upi, alijibu ule mrefu zaidi.

Yule mzee ni nani, wanazuoni wamehitilafiana. Wengi hapa kwetu husema ni Nabii Shuaibu. Qur'ani haikumtaja jina, na mimi nadhani haituhusu sana leo. Kinachotuhusu ni ule mpangilio wake.

Sasa nije kwangu.

Miaka michache iliyopita tulikuwa tunamalizia chumba cha madrasa. Fundi wa hapa hapa alitutajia 280,000 kwa milango miwili na fremu za madirisha manne, mbao zetu. Kamati tukaona ni nyingi. Wakati huo kulikuwa na bwana mmoja amevuka kutoka upande wa Moba na mkewe na watoto, amepanga chumba kule karibu na mwalo. Watu wakasema huyu ni seremala. Nikamwita. Alikuja hana kifaa hata kimoja, akaazima msumeno na randa kwa jirani. Jamani, yule bwana alikuwa na mikono! Ile milango mnaiona mpaka leo. Masika tatu zimepita juu yake, haijajikunja, haijashuka. Alifanya siku kumi na moja.

Bei hatukupatana. Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, na sikukosea kwa kutojua. Nilijua kabisa, kwa sababu mimi ndiye ninayewafundisha watu mlango wa ijara. Nilikaa kimya kwa kuwa moyoni nilikuwa nimeshamhesabu kuwa ni maskini, na maskini hupewa, hapatani. Kazi ilipokwisha nikampelekea unga kilo ishirini, sukari kilo mbili, na 30,000 kwenye bahasha. Nikamwambia maneno mazuri: Allah akulipe, hii ni sadaka ya jamaa wa msikiti. Nikajiona nimefanya jambo.

Yule bwana akaupokea unga kwa mikono miwili, akashukuru. Kisha akasema kwa upole tu: “Shehe, mimi siombi. Mimi nilitumika.”

Mnajua Kiswahili cha wenzetu wa Kongo. Kwao kutumika ni kufanya kazi. Mtu akikuambia jana nilitumika, ana maana jana alikuwa kazini. Sisi huku tukisikia neno hilo tunaelewa kingine: kitu kilichotumiwa, mtu aliyetumiwa. Waliokuwa karibu walicheka, kama tunavyopenda kuwacheka lafudhi yao. Mimi nilicheka nao. Usiku nikiwa nimelala lile neno likanirudia kwa maana zote mbili, na zote mbili zilikuwa kweli.

Katika hadithi aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Abu Hurayra, Mtume (s.a.w.) anatusimulia kwamba Mwenyezi Mungu amesema kuna watu watatu Yeye mwenyewe atakuwa mgomvi wao siku ya Kiyama. Mmoja aliyeahidi kwa jina Lake kisha akavunja. Mmoja aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Wa tatu aliyemuajiri mfanyakazi, akachukua kazi yote kamili, asimlipe ujira wake. Mtazameni huyu wa tatu amewekwa jirani na nani: na mwuza watu. Sisi wa mwambao huu wa Tanganyika tunapaswa kuielewa hadithi hii kuliko wengine. Ng'ambo hii na ile, katika karne ya 19, walivushwa watu wamefungwa. Wengine katika mababu zetu walikuja hapa kwa biashara, wengine kwa kukimbia vita, wengine, tuseme ukweli, kwa minyororo. Dini yenyewe imefika ziwani na wageni. Ukimuuliza mzee yeyote wa Kipili au Kirando ukoo wake vizazi vitatu nyuma, mara nyingi atakuonyesha kidole kule maji yanakozamia jua.

Nilipoamka nikasema nitamtafuta nimlipe. Siku zikapita, nikawa na mambo. Nilipokwenda, chumba kilikuwa na mpangaji mwingine. Wakaniambia aliondoka na familia kuelekea Kigoma, labda kambini Nyarugusu, labda kwa ndugu. Basi.

Kuna hadithi ya watu watatu waliofungiwa pangoni na jiwe, mmeisikia mara nyingi, iko katika Bukhari na Muslim. Mmoja wao alikuwa na mfanyakazi aliyeondoka bila kuchukua ujira wake, kipimo kidogo tu cha nafaka. Yule tajiri akaupanda ule ujira, ukazaa, akanunua ng'ombe na mchungaji. Mfanyakazi aliporudi baada ya muda mrefu kudai nafaka yake, akaambiwa chukua ng'ombe wale na mchungaji wao. Akasema usinifanyie mzaha. Akaambiwa sifanyi mzaha, ni mali yako. Mimi sina ng'ombe. Nilichofanya ni hiki: nilichukua ile 250,000 iliyobaki, kwa kipimo cha bei ya fundi wetu, kutoka mfukoni mwangu na si mfuko wa msikiti, nikanunua randa, misumeno miwili, patasi, nyundo, drili ya mkono na futi. Viko kwenye sanduku stoo ya msikiti. Ni vya yule bwana. Nimetuma salamu na watu wa maboti mara nne. Mpaka atakapopatikana, seremala yeyote mgeni asiye na vifaa anaazima, akimaliza anarudisha. Mpaka leo wameshaazima watu sita. Deni liko pale pale, na ninyi ni mashahidi wangu.

Turudi kwa yule kijana na futari yake. Futari ni jambo kubwa, usiache. Ila futari inamkuta mtu na njaa ya leo. Kesho magharibi itakuwa ile ile, na Shawwal nani atampikia?

Muhajirina walipofika Madina, Mtume (s.a.w.) aliwaunganisha mmoja mmoja na Ansari, undugu wa kushikana mkono. Sa'd bin Rabi' akamwambia Abdurrahman bin Auf: mali yangu nusu ni yako. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akamwomba kitu kimoja tu, amwonyeshe soko. Alikwenda soko la Banu Qaynuqa, akarudi na jibini na samli. Baada ya muda si mrefu alikuwa ameoa. Sisi huwa tunamsifu Abdurrahman kwa kukataa, na anastahili. Lakini hebu mfikirieni na yule aliyemwonyesha soko. Mtu mgeni hajui soko liko wapi, bei ikoje, nani mkopaji mbaya, ushuru unalipwa kwa nani. Wenyeji tunayo hazina hiyo vichwani na haitugharimu hata shilingi. Na katika hadithi ya Abu Dharr, alipouliza matendo bora, baada ya imani na jihadi na kuacha huru, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza kumsaidia fundi katika kazi yake, au kumfanyia asiyejua kazi. Kumsaidia fundi! Imetajwa kwenye orodha ya matendo bora, na sisi tunadhani ni mambo ya dunia.

Mtu ataniambia shehe, na zaka je? Katika madhehebu yetu ya Shafi Imam Nawawi ameeleza kwamba mhitaji mwenye ufundi hupewa cha kumwezesha kununua vifaa vya ufundi wake, viwe vya bei ndogo au kubwa. Kwa hiyo cherehani ni zaka halali kwa fundi nguo Muislamu aliyefika mikono mitupu, vilevile nyavu kwa mvuvi. Na asiye Muislamu, maana wengi wanaovuka ni Wakristo, mlango wa sadaka uko wazi kabisa. Msinitazame kwa mshangao. Waislamu wa kwanza kuwa wakimbizi walihifadhiwa na mfalme Mkristo, Najashi wa Uhabeshi, baada ya kumsikiliza Ja'far bin Abi Talib akisoma habari za Maryamu. Tuna deni la zamani hapo. Na huku Ufipa tunaishi katikati ya Wakatoliki, visima tunachota pamoja.

Sasa kuna lile linalosemwa barazani, tena kwa sauti: wanachukua kazi zetu. Silidharau. Ziwa limekuwa gumu. Tumefungiwa uvuvi kwa miezi mitatu tangu mwaka 2024, Mei 15 mpaka Agosti 15, ili samaki wazaliane, na kijana wa hapa anayekosa migebuka ya kuuza anamwona mgeni kama mshindani. Lakini mchunguzeni anayeshusha bei ya kazi hapa mwaloni. Je, ni yule mgeni? Mgeni hupokea anachopewa. Anayeshusha ni mwenye boti anayemwambia fundi wa Kongo, nitakupa nusu, na ukilalamika nakupeleka Uhamiaji. Nimelisikia hilo kwa masikio yangu, na aliyelisema ni mtu anayeswali safu ya kwanza. Ndugu yangu, unajijua, nami sikutaji. Fundi wa Kipili anakosa kazi kwa sababu wewe umepata mtu wa kumtisha. Mlipe mgeni sawa na mwenyeji, uone kama kuna mwenyeji atakayelalamika kwamba mgeni kamnyang'anya.

Na kuhusu Uhamiaji nisieleweke vibaya. Sisemi tufiche watu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inataka mkimbizi akae maeneo yaliyopangwa na atoke kwa kibali. Sheria ya 2015 ya ajira za wasio raia inataka kibali cha kazi. Na Julai 2025 ikatoka amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara ndogo kadhaa, zikiwemo ufundi wa simu, saluni na uwakala wa pesa za simu. Mimi sikuziandika sheria hizi, na zipo ambazo ningependa ziwe laini zaidi, lakini mtu anayemweka mgeni stoo akamwambia fanya kazi kimya kimya hamsaidii. Anamfanya mateka wake. Anayefika leo na boti aongozwe ofisi ya kijiji, aandikwe, afikishwe kwa Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Msindikizeni. Kaeni naye kwenye benchi. Ukiwa umewahi kukaa ofisi ya ugenini peke yako huku hujui karani anataka nini, utaelewa kwa nini benchi lile ni ibada. Mimi nina diploma ya ualimu, kila shule ya Tanzania inaisoma. Nikivuka nayo ziwa usiku kwa kukimbia risasi, nani ng'ambo ataisoma? Nitakuwa mzee mmoja tu mwenye kanzu iliyolowa.

Tena hatuanzi sisi. Warundi wa mwaka 1972 walipokimbia, walipelekwa Ulyankulu kule Tabora, na Katumba na Mishamo kule Mpanda, ambako mpaka 2012 tulikuwa mkoa mmoja wa Rukwa. Walikuta pori, nyuki na mbung'o. Hawakupewa mahema na kibaba cha mahindi milele. Walipewa ardhi, kila familia shamba lake, na jembe. Miaka michache baadaye walikuwa wanauza mazao kwa wenyeji, na maghala ya Mpanda yakajaa mahindi yao. Mwalimu Nyerere alitunukiwa medali ya Nansen mwaka 1983 kwa namna Tanzania ilivyowapokea wakimbizi. Na zaidi ya 162,000 kati ya watu wale na watoto wao wakapewa uraia, vyeti vikaanza kutolewa 2014. Leo wapo walimu, manesi na mafundi waliozaliwa Katumba. Ukienda Mpanda kwa matibabu huenda aliyekuchoma sindano bibi yake alivuka Malagarasi kwa miguu. Hata Liemba yetu, meli hii tunayoilalamikia kila siku, Mei 2015 ilitumwa Kagunga kuwachukua Warundi waliokuwa wamerundikana ufukweni, ikawafikisha Kigoma, safari baada ya safari.

Watoto wa hawa walio na karatasi, na wenyewe walio na karatasi, wana jambo jingine la kusaidiwa nalo. VETA wana utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunza kazi mtaani, bila kukaa darasani, akifaulu anapewa cheti. Wengi hawajui. Wapo waashi wazuri hapa Kipili, wenyeji na waliopata uraia, wanakosa kazi za miradi kwa sababu mkandarasi anauliza cheti. Fomu na maelezo vinapatikana Sumbawanga. Nauli ya kwenda na kurudi ndiyo kikwazo, na nauli ni kitu ambacho mtu mmoja kati yetu anaweza kumlipia mtu mmoja.

Nimesema mengi, kahawa ya daku imepoa.

Leo baada ya Alasiri, si tarawehe, tutakaa pale barazani na daftari. Upande mmoja tunaandika wenye ujuzi waliotufikia na kila mmoja anajua nini: useremala, uashi, kushona, kutengeneza injini za boti, kuoka mikate. Kwa kila jina tunaandika pia karatasi alizonazo, na asiye nazo nani atamsindikiza. Upande wa pili mwenye kazi aandike kazi, na bei, kabla mtu hajainua nyundo. Mwalimu wa madrasa atashika kalamu. Wanawake daftari lao liko kwa mama wa darasa la Jumanne, msije kubanana na wanaume.

Mwenye cherehani iliyolala nyumbani bila kazi, hata kama mkanda umekatika, anitumie ujumbe. Kuna mama mmoja anashona vizuri na hana mashine.

Na yeyote anayesafiri kwenda Kasulu au Kigoma wiki hii, apite kwangu kwanza. Nina salamu ya tano.

Kesho inshaAllah tutaendelea na masharti ya itikafu kama nilivyoahidi. Taqabbalallahu minnaa wa minkum.